Jina la Ndani na Jina la Nje

Kila mwalimu wa sarufi hufika siku moja mahali ambapo hana budi kuandika ubaoni sentensi ya namna hii: Na ni kiunganishi. Mwanafunzi mwerevu wa safu ya mbele huinua mkono akauliza: Na nini ni kiunganishi, Mwalimu? Wala hakukosea. Amelisoma lile neno la kwanza kama alisomavyo kila siku, likiwa kazini, likiunganisha. Ilhali mwalimu alikusudia lisimame tu lionekane, mfano wa askari aliyevuliwa sare. Dawa yake twaijua sote. Tunaweka alama za mtajo, tunaandika: “Na” ni kiunganishi, na ubishi unakwisha. Alama zile ndogo zimetenga neno linalotumika na neno linalotajwa.

Nimelitanguliza jambo hili la ubaoni kwa kuwa ndilo lililonifumbua macho juu ya mkasa uliotupata sisi walimu wachache wa Kiswahili hapa Rwanda, tulipoitia orodha yetu ya nomino katika kompyuta. Najua kwamba wenzangu wengi wakiliona neno kompyuta katika kurasa hizi hufungua ukurasa unaofuata wakitafuta mashairi. Nawasihi wasubiri kidogo. Jambo lenyewe ni la lugha kuliko la umeme, na kwa maoni yangu mwalimu wa lugha ana haki ya kulitolea hukumu hata kama hajui kuandika mstari mmoja wa programu.

Lugha ambazo mafundi huzitumia kuiamuru kompyuta ni lugha za kuundwa, zenye msamiati mdogo mno. Kila moja ina maneno iliyojiwekea yenyewe, ambayo mtu haruhusiwi kuyafanya majina ya vitu vyake. Tuyaite maneno tengwa. Ni kama shamba la wakfu: waweza kupita ndani yake na kupumzika chini ya miembe yake, lakini huwezi kuliuza wala kuwarithisha wanao. Lugha iitwayo C, katika kanuni zake za mwaka 1989, ilitenga maneno 32; Go imetenga 25; Python ya siku hizi imetenga 35; na COBOL, lugha kongwe ya hesabu za biashara, imetenga mamia. Neno “if” limo karibu katika zote. Ile programu inayoyageuza maandishi ya fundi kuwa amri za mashine, ambayo hapa nitaiita mfasiri, ikikutana na “if” haiulizi swali. Inajua kwamba sharti linafuata. Fundi akilitwaa neno hilo akalifanya jina la kitu chake, mfasiri hukwama papo hapo. Na katazo lake ni la neno zima: “class” ni marufuku, lakini “classes” hupita bila kuulizwa.

Si wazee wote wa fani hii walioichagua njia hiyo. FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 kwa kazi ya kundi lililoongozwa na John Backus, haina neno tengwa hata moja. Mahali pa neno katika sentensi ndipo panapoamua kazi yake, kama vile sisi tusomavyo “kaa amekaa juu ya kaa la moto” bila kumchanganya mnyama wa pwani na kipande cha moto. PL/I, iliyotoka kampuni ileile katika miaka ya 1960, ilifuata mtindo huo, hata ikawezekana kutunga sentensi ambamo IF ni amri na papo hapo ni jina la kitu. ALGOL 60 nayo ilikuwa na njia yake. Katika vitabu, maneno yake ya kazi yalipigwa chapa kwa herufi nzito, kwa hiyo hayakuweza kuchanganyika na jina la mtu yeyote. Lakini mashine za kutoboa kadi hazikujua herufi nzito. Basi katika mitambo mingi mafundi wakayafunga maneno hayo ndani ya alama za mtajo. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana walifika kwenye ubao wetu kwa njia ya nyuma: sisi hulifunga neno linalotajwa, wao walilifunga neno lililo kazini.

Lugha nyingi zilizofuata zilichagua kutenga, kwa sababu ni rahisi kwa mfasiri na ni rahisi kwa msomaji. Sioni ubaya wake. Fundi anayeandika kwa mkono huliona neno lililokatazwa, akatafuta jingine, kama mshairi atafutavyo kina kingine. Wakati mwingine badala hiyo huishi kuliko sababu yake. Katika kurasa za intaneti, sifa iitwayo “class” huandikwa “className” pindi inapoguswa kwa JavaScript, kwa kuwa “class” lilikuwa neno tengwa. Mwaka 2009 kanuni mpya za lugha hiyo ziliruhusu neno tengwa liwe jina la sehemu ya kitu; lakini “className” lilikuwa limekwisha ota mizizi, nalo lipo hadi leo.

Taabu huanza pale ambapo mwandishi wa programu si mtu.

Sehemu kubwa ya maandishi ya programu siku hizi huandikwa na programu nyingine. Kampuni ya Google, kwa mfano, ilitoa hadharani mwaka 2008 chombo kiitwacho Protocol Buffers. Mwenye kazi huandika orodha moja fupi: kitu changu kina sehemu hizi na hizi, majina yake ni haya. Kisha chombo huichukua orodha hiyo na kuandika chenyewe maelfu ya mistari kwa Java, kwa C++, kwa Python, kwa Go, kila lugha kwa desturi zake. Vyombo vya namna hiyo ni vingi. Mimi nitakiita chombo hicho karani. Karani huyu hachagui majina. Huyanakili kama alivyoyakuta. Mtu angeliona “class” angetabasamu, akaandika neno jingine. Karani ni kama yule kijana anayelipwa kunakili barua ya lugha asiyoijua: hata matusi atayanakili kwa mwandiko mzuri.

Sasa orodha yetu. Ilikuwa na nomino elfu mbili na ushei, zilizokusanywa na walimu kwa miaka kadhaa katika daftari, kwa ajili ya shule zetu. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi hapa tangu mwaka 2017, na mahitaji ya vitabu ni makubwa kuliko mifuko yetu. Vichwa vya safu kamati iliamua viwe vya Kiingereza, kwa kuwa ndicho lugha ya kufundishia tangu serikali ilipoamua hivyo mwaka 2008, na kwa kuwa wengine watakaoitumia orodha hawajui Kiswahili. Vichwa vilikuwa sita: “word”, “class”, “plural”, “def”, “from”, “example”. Hakuna cha ajabu hapo kwa mtu wa kamusi. “Class” ni ngeli, kama wataalamu wa lugha za Kibantu waandikavyo kwa Kiingereza. “Def” ni kifupisho cha maana. “From” ni asili: meza kutoka Kireno, kitabu kutoka Kiarabu, shule kutoka Kijerumani. Lakini ajaliwe subira msomaji, avitazame vichwa hivyo tena kwa macho ya mfasiri wa Python. “Class” ni neno tengwa. “Def” ni neno tengwa. “From” ni neno tengwa. Nusu ya orodha yetu ilikuwa imejenga katika shamba la wakfu.

Kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni fundi wa programu, alikuwa akitusaidia siku za Jumamosi bila malipo. Aliitia orodha kwa karani, karani akaandika faili ndefu, mfasiri akaikataa.

“Anasema kuna kosa mstari wa kumi na nne,” akaniambia.

“Basi mrekebishe huo mstari wa kumi na nne.”

“Mwalimu, mstari huo sikuuandika mimi. Nikiurekebisha leo, kesho karani atauandika vilevile.”

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Kosa lililomo katika maandishi ya karani haliponi kwa kufutwa pale linapoonekana. Huponywa katika kanuni inayomwongoza karani.

Kijana alisafiri kabla ya kumaliza kazi, na kamati, ikihimizwa na tarehe ya mpiga chapa, iliipeleka orodha katika ofisi moja ya mjini inayofanya kazi hizo kwa malipo. Karani wa ofisi hiyo alikuwa na kanuni, lakini kanuni mbaya: kila alipokutana na neno tengwa aliliharibu tahajia. “Class” likawa “clazz”, “def” likawa “deff”, “from” likawa “frm”. Humo ndani ya programu mfasiri aliridhika. Ubaya ni kwamba karani alipoandika faili ya kutoka nje, aliandika majina yaleyale yaliyoharibiwa. Programu ya kupanga kurasa kwa mpiga chapa ilikuwa ikitafuta safu iitwayo “class”. Haikuiona. Wala haikupiga kelele. Ilichukulia kuwa ngeli haipo, ikaacha nafasi tupu. Kijitabu cha wanafunzi kilikusudiwa kiwe na neno, wingi, ngeli na mfano. Kikatoka na neno, wingi, nafasi nyeupe na mfano, nakala mia tatu, nafasi ile ikiwa imepangwa vizuri ajabu upande wa kulia. Na mwalimu mmoja wa wilaya ya mpakani, aliyeletewa faili yenyewe, alituandikia akiuliza kwa adabu: hii ngeli ya clazz ndiyo ipi, maana hakufundishwa chuoni?

Kimya hicho cha mashine ndicho kinachonitisha. Watu wa takwimu wana kisa cha ukoo huohuo. Katika orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, Namibia ni NA. Katika lugha ya takwimu iitwayo R, NA ni neno tengwa lenye maana ya “hakuna taarifa”. Asiyechukua tahadhari akiisoma orodha ya nchi, Namibia nzima hugeuka pengo, na hakuna king’ora kinacholia.

Nirudi kwenye tahajia. Kuharibu neno ili lipite ni desturi ambayo hata mafundi wenye heshima wanayo. Waandikao Java kwa mkono hupenda sana “clazz” na “klass”, na kati yao wenyewe wanaelewana. Lakini mwongozo wa uandishi wa Python, uliotolewa mwaka 2001, unashauri vingine: ukikutana na neno tengwa, ongeza kistari cha chini mwishoni, “class_”, kuliko kuipotosha tahajia, na bora zaidi, tafuta kisawe. Mimi, kama mwalimu wa lugha, nauunga mkono ushauri huo kwa sababu moja ambayo wao hawakuhitaji kuieleza kwa urefu. Neno lililopotoshwa halina njia ya kurudi. Ukinipa “frm”, sijui kama lilikuwa “from”, “form” au “firm”. Ukinipa “from_”, naukata mkia, namwona mwenye jina lake akiwa mzima.

Zipo lugha zilizo na dawa bora kuliko mkia, nayo ni ile ya ubaoni. Katika C# fundi hutanguliza ile alama ya anwani za barua pepe, akaandika “@class”, na mfasiri huelewa kwamba neno hapa limetajwa tu, halipo kazini. Alama yenyewe si sehemu ya jina. Kotlin na Swift hulifunga jina ndani ya alama mbili mfano wa koma zilizoinamia nyuma. Rust, tangu toleo lake la mwaka 2018, hutanguliza “r#”. Lugha ya hazina za data, SQL, kwa kanuni zake rasmi hulifunga jina ndani ya alama mbili za mtajo, ndiyo maana jedwali laweza kuitwa “order” bila ugomvi. Go haihitaji chochote kwa kazi ya karani, kwa kuwa maneno yake tengwa yote huanza kwa herufi ndogo na karani huyapa majina ya kuonekana nje herufi kubwa: “type” huwa “Type”, basi. Python haina alama ya namna hiyo kwa majina ya kawaida. Ndipo karani wa Google, kwa upande wa Python, huliacha neno tengwa kama lilivyo, na mwenye kulitaka huliomba kwa kulitaja likiwa ndani ya alama za mtajo, kama maandishi. Hata pale, basi, tumerudi ubaoni. Kwa C++ karani huyohuyo huongeza mkia.

Wazee wa hapa Rwanda wana desturi iitwayo gutsinda, ambayo vijana wengi sasa huisikia kwa kusimuliwa tu. Mwanamke aliyeolewa hakulitaja jina la baba mkwe wake. Si jina tu. Hata neno la kawaida lililofanana na jina hilo aliliepuka, akatumia badala yake neno jingine, na watu wa nyumbani wakamwelewa. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini wana desturi ya jamii hiyo, nao huiita hlonipha. Kijana wangu aliporudi safarini nikamweleza habari hii, nikamwambia kwamba mfasiri wa Python ni mkwe mpole kuliko wa zamani, kwa kuwa yeye hukataza neno lenyewe tu na hajali lifananalo nalo. Akacheka. Kisha nikamwambia jambo lililonihusu zaidi. Mwanamke yule alibadili usemi wake mwenyewe ndani ya nyumba ile. Hakwenda kwa chifu kumbadilisha mzee jina. Mzee alipoitwa barazani aliitwa kwa jina lake, na shamba lake lilijulikana kwa jina lake. Neno la badala lilikuwa la ndani, na halikuvuka kizingiti.

Hapo ndipo karani wa ile ofisi alipotukosea. Kwamba aliogopa neno “class” si kosa, alilazimika. Kosa ni kwamba alilisahau jina la kwanza mara tu alipotunga la pili. Karani mwema hushika majina mawili kwa kila kitu: jina la nje, alilopewa na mwenye orodha, na jina la ndani, analolitumia mbele ya mfasiri. Akisoma faili, hutafuta jina la nje. Akiandika faili, huandika jina la nje. Mtu aliye upande wa pili asijue hata siku moja kwamba humo ndani palikuwa na mkia. Kijana aliiandika kanuni hiyo jioni moja, na orodha yetu ikaingia na kutoka ikiwa na “class” yake.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe wenzetu wa Burundi walikuwa wametuletea orodha yao tuiunganishe na yetu, na orodha hiyo ilikuwa na safu mbili ambazo Kiingereza, kwa umaskini wake, huziita kwa neno moja: darasa ambamo neno hufundishwa, na ngeli ya neno. Mwandishi wao, mtu mwangalifu, aliiita ya kwanza “class” na ya pili “class_”. Karani wetu alipoifikia “class” alitia mkia, ikawa “class_”. Alipoifikia “class_” aliiacha, maana si neno tengwa. Vitu viwili, jina moja. Cha pili kilikaa juu ya cha kwanza, na katika jaribio tuliona orodha ambamo nomino “mti” darasa lake ni U-I.

Hapo mabishano yalikuwa marefu, na nayasimulia kwa kuwa yana ladha ya mahakama. Njia ya haraka ni kuongeza mkia mpaka jina lipate nafasi: “class__”, na hata zaidi. Lakini nani aongezewe? Kijana alitaka afuate utaratibu wa safu, atakayetangulia apate. Nilipinga. Mtu akizipanga safu upya kesho, majina yatabadilishana, na programu zilizoandikwa kwa mkono juu ya majina hayo zitachukua ngeli kwa darasa bila kulalamika. Mimi nilishauri kwamba wasio na ugomvi na mfasiri wapewe kwanza majina yao kamili, kisha wale waliokatazwa ndio watafutiwe nafasi iliyobaki. Asiye na kosa asihamishwe kwa ajili ya jirani yake. Kwa njia hiyo “class_” wa Burundi alibaki “class_”, na “class” akawa ndani “class__”, nje “class”. Si jina zuri kwa macho, lakini halionekani na mtu ila karani na mfasiri.

Tuliulizana pia kama karani ayaogope maneno tengwa ya lugha zote kwa pamoja, au ya lugha anayoiandikia tu. “From” hukatazwa na Python lakini Java hairudishi mkono. Ukiogopa yote, jina la ndani litakuwa moja kila mahali, nalo ni jambo la kupendeza; lakini orodha ya marufuku itakuwa ndefu kupita kiasi, na watu watauliza kwa nini jina lao halali limetiwa mkia. Nilikubaliana na kijana kwamba kila lugha iogopewe kwa makatazo yake.

Na makatazo hayo huongezeka. Java iliongeza “enum” mwaka 2004, na mafundi waliokuwa wamezoea kukitumia kifupisho hicho kama jina wakajikuta wamejenga mahali palipotengwa baadaye. Python ilitenga “async” mwaka 2018, na programu zilizokuwa zikilitumia kwa amani zikavunjika. Karani akiongeza neno jipya katika orodha yake ya makatazo, majina ya ndani hubadilika, na kila aliyeyategemea huamka asubuhi mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo orodha ya makatazo si jambo la siri la fundi. Ni ahadi, na yafaa iandikwe mahali watu waionapo, pamoja na tarehe yake. Haki itendeke kwa Python pia: ilipoongeza “match” mwaka 2021, haikulitenga kabisa. Neno hilo hufanya kazi ya amri linapokaa mahali pa amri tu, na mahali pengine ni jina kama majina mengine. FORTRAN ya mwaka 1957 ingetikisa kichwa kwa kukubali.

Katika mkutano wa kamati mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba mambo yote haya ni adhabu ya kupenda Kiingereza. Tungeandika “ngeli”, “maana” na “asili”, yasingetokea. Alipigiwa makofi, nami nilipiga. Nimeyapitia yale maneno 35 ya Python moja moja, na hakuna hata moja ambalo ni neno la Kiswahili. Vichwa vya orodha yetu tumevibadilisha, na sijutii.

Lakini sikuweza kukubali kwamba shauri limekwisha. Orodha za wenzetu zitaendelea kuja na majina yao, na hatuna mamlaka ya kumbadilisha mzee jina. Tena, usalama wa Kiswahili hapo unatokana na kutokuwapo kwake. Siku atakapotokea mtu akaunda lugha ya kuiamuru kompyuta kwa Kiswahili, jambo ambalo ningependa kuliona, atatenga maneno, na maneno atakayoyatenga yatakuwa yetu: “kama”, “au”, “si”, “rudisha”, “aina”. Neno “class” la mafundi yamkini atalifasiri kwa “darasa”. Na mwalimu mkuu atakayetaka kuandika orodha ya wanafunzi yenye safu ya darasa ataambiwa na mfasiri kwamba neno hilo limekwisha chukuliwa. Mwenzangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba angalau “ngeli” litasalimika. Hilo nilimkubalia.

Zile nakala mia tatu hatukuzitupa. Zimegawiwa katika shule, na kila mwanafunzi amepewa kazi ya kuijaza nafasi nyeupe kwa kalamu ya risasi. Mwalimu wa wilaya ya mpakani ameleta taarifa kwamba darasa lake limefika herufi M, na kwamba wanabishana juu ya “mtume”: je, wamwandike A-WA kwa kuwa ni mtu, ingawa wingi wake ni mitume?